Mfarishi wa Mjane wa Gee's Bend

Neno mfarishi asili yake ni Kiarabu, na maana ya asili hiyo ni kutandika. Nasi twaliita hivyo tandiko zito lenye nguo mbili, ya juu na ya chini, na pamba kati yake, vyote vimeshikwa kwa kushonwa. Napenda kueleza habari za mfarishi mmoja, kwa kuwa sisi walimu tumezoea kutafuta mambo ya kale katika vitabu na barua tu.

Katika jimbo la Alabama, Marekani, mto wapinda na kuizunguka nchi iitwayo Gee's Bend. Mwaka 1845 Mark Pettway alilinunua shamba la pamba la huko, akawaleta watumwa wake kwa miguu toka North Carolina. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengi walibaki pale pale wakilima kwa kugawana mazao na mwenye nchi, nao wakaitwa Pettway kwa jina la bwana wao. Mwaka 1932 mjane wa mfanyi biashara aliyekuwa akiwakopesha alichukua mali ya jamaa zipatazo 60, hata mahindi na wanyama. Nyumba zao zilikuwa za mbao, nao walibandika magazeti ukutani kuzuia upepo. Basi mfarishi kwao haukuwa pambo.

Missouri Pettway alifiwa na mumewe, aliyeugua miezi kama minane. Kwetu, watu wengi hugawa nguo za marehemu kwa ndugu baada ya matanga. Yeye hakuzigawa. Alimwambia binti yake Arlonzia kwamba nguo za kazi za baba atazishona ziwe mfarishi, apate kumkumbuka na kujifunika kwa upendo. Binti, aliyekuwa na umri wa miaka 17 au 18, akamsaidia kuzipasua, miguu ya suruali na ncha za mashati. Nadhani kupasua kulikuwa kugumu kuliko kushona. Mfarishi ukamalizika mwaka 1942. Katika mifarishi ya namna hii rangi imepauka kwa jua, ila pale ulipokuwa mfuko imebaki nzito. Hivyo mwili wa mkulima waonekana bado.

Arlonzia naye akawa mshonaji. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa Houston, ikatundikwa ukutani, na aliyeeleza habari za ule wa mama yake ni yeye aliyezipasua zile suruali.