Msikilizaji wa Santuri kama Mhakiki: Taarab na Jomvu Kuu

Historia ya taarab ya Pwani ya Kenya na Zanzibar imeandikwa, kwa kiasi kikubwa, kwa kuwafuata watu wa aina tatu: mwimbaji, mtunzi na chama. Shaaban Robert alituachia wasifu wa Siti binti Saad, M. S. Khatib, katika Taarab Zanzibar (1992), aliyaweka maneno ya nyimbo mbele ya mhakiki wa fasihi. Na Mwenda Ntarangwi, katika kitabu chake cha 2003, akaichunguza taarab ya Mombasa kwa jicho la jinsia na utambulisho. Kazi hizi hatuna budi kuzishukuru. Hata hivyo, yuko mtu wa nne ambaye hupita katika kurasa hizo kama kivuli tu, naye ni yule aliyenunua santuri, akaipeleka nyumbani, akaipiga mpaka ikachakaa, kisha akaulizwa na jirani: huu wimbo unaupendea nini? Makala haya yanashikilia kwamba jibu la swali hilo ni uhakiki wa fasihi kwa maana kamili ya neno, na kwamba historia ya taarab isiyoliweka jibu hilo ndani yake imelipoteza nusu ya matini yake.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Jomvu Kuu, na uchaguzi huo una sababu. Jomvu ni mmojawapo wa miji ya Tisa Taifa, katika ule muungano mkongwe wa Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa. Lakini wenyewe uko bara, kando ya mkono wa bahari, kaskazini-magharibi ya kisiwa, na Wamijikenda ndio jirani zake. Kiutawala leo umo katika eneo bunge la Jomvu, lililomegwa kutoka Changamwe na kupigiwa kura kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Maduka ya santuri na mitambo ya kurekodia ilikuwa kisiwani. Kwa hiyo sahani ilifika Jomvu Kuu ikiwa imekwisha kutengana na mwimbaji wake, na kwa sababu hiyohiyo huko ndiko mahali pazuri pa kuuliza msikilizaji hufanya nini anapobaki peke yake na sauti.

Utengano huo una tarehe. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake, miongoni mwao mpiga udi Mbaruku Talsam ambaye asili yake ilikuwa Mombasa, walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Kufikia 1931, sahani zao zilizouzwa Afrika Mashariki zilikadiriwa kuwa zaidi ya 70,000. Aghalabu takwimu hiyo hutajwa kama ushahidi wa umaarufu wa Siti, na ndivyo ilivyo. Sisi tunaiona pia kama ushahidi wa tukio la kifasihi: kwa mara ya kwanza wimbo wa Kiswahili ulisikika kwa wingi mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyejua ulimlenga nani. Chukua wimbo wa Siti uitwao "Kijiti", uliotokana na kesi ya kweli ya Unguja: mwanamke mgeni aliuawa na mtuhumiwa akatorokea bara. Mtu wa Unguja hakuhitaji kuelezwa. Msikilizaji wa ng'ambo alihitaji mtu wa kumpa kisa, na kisa hicho hakikuwamo katika sahani. Kilisafiri kwa mdomo, kikaongezwa na kupunguzwa, kikawa maelezo ya matini. Wanaofundisha ushairi wa kale watalitambua jambo hili mara moja, kwani ndivyo tunavyozipokea tungo za Muyaka bin Haji (1776–1840), ambazo bila ya visa vyake nyingi zingebaki mafumbo matupu.

Hapana budi pia kukumbuka kipimo cha sahani yenyewe. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulichukua muda wa dakika tatu hivi. Arusini, mwimbaji huurudia mshororo kadiri hadhira inavyoutaka, na ala hujaza nafasi kati ya ubeti na ubeti. Katika dakika tatu hayo hayawezekani: beti hupunguzwa, au wimbo hukatwa katikati na sahani kugeuzwa. Wahakiki wetu wameandika mengi kuhusu mizani na vina vya taarab, na machache mno kuhusu huku kugeuza sahani. Lakini shairi linalokatwa baada ya ubeti wa pili humpa msikilizaji muda wa kusema neno kabla ya ubeti wa tatu, na neno hilo huathiri namna ubeti huo utakavyosikiwa.

Kabla ya santuri, sababu ya kuupenda wimbo ilitolewa hadharani kwa kitendo cha kutunza. Mtu huinuka katika mshororo alioutaka, si mwingine, akamtunza mwimbaji fedha mbele ya macho ya watu, na waliohudhuria huelewa, au hudhani wameelewa, kwamba maneno yale yamemfika fulani. Kutunza ni tafsiri. Ni tafsiri ya hatari pia, kwa kuwa mlengwa yumo ukumbini. Santuri iliiondoa hatari hiyo pamoja na mlengwa wake, na hapo ndipo msikilizaji alipolazimika kutafuta maneno ya kuieleza sababu yake. Ama kwa hakika, tunaonelea kwamba mazungumzo ya barazani kuhusu santuri ni kutunza kwa aina nyingine: fedha imeondoka, hoja imebaki.

Hoja hizo zilikuwa za namna gani? Katika miaka ya 1960 na 1970 Mombasa ilikuwa na utajiri wa kutosha kuzaa mabishano. Duka la Assanand lilitoa santuri kwa lebo yake ya Mzuri. Mohamed Khamis Juma Bhalo (aliyefariki 2014) aliimba kwa mahadhi yaliyochotwa katika filamu za Kihindi. Matano Juma na Maulidi Juma walikuwa na vikundi vyao. Zuhura Swaleh alitambulikana kwa sauti yake na kwa mlio wa tashkota. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alishika udi na mwendo wa Kiarabu. Anayempenda Zein kwa ajili ya udi hana sababu moja na anayempenda kwa ajili ya tungo za Ahmed Sheikh Nabhany alizoziimba. Na kuhusu Bhalo ugomvi ulikuwa mkubwa zaidi: je, lahani ya Bombay inaliua shairi la Mvita au inalibeba? Wataalamu wengi waliegemea upande wa kwanza, wakaona kuiga. Msikilizaji aliyejua kwamba maneno mengi ya Bhalo yalitungwa na Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita ambaye diwani yake ilichapishwa mwaka 1971, aliweza kujibu kwamba lahani ya kuazima ndiyo iliyolifikisha shairi kwa watu wasiowahi kufungua diwani. Jibu hilo naliona kuwa na nguvu kuliko mashtaka. Fauka ya hayo, karatasi ya katikati ya sahani kwa kawaida ilikuwa na jina la mwimbaji na la wimbo. Kumjua mtunzi lilikuwa jambo la barazani.

Lugha nayo ilikuwa sababu. Kijomvu, ambacho H. E. Lambert alikieleza mwaka 1958 kwa jina la Chi-Jomvu, ni jirani wa Kimvita lakini si kitu kimoja nacho, na Kiamu cha Zein kiko mbali zaidi na vyote viwili. Kumsikiliza Zein Jomvu Kuu ni kusikiliza kwa kupima: neno hili ni letu, hili ni la Amu, hili lilikuwa la babu. Santuri huhifadhi hapa kitu ambacho kitabu hukipoteza. Katika Kimvita, kitenzi chenye maana ya "cheka" hutamkwa kwa t ya menoni, na kile cha kuchota maji kwa t ya ufizini. Katika hati yetu ya kawaida vyote viwili huandikwa "teka". Mwanafunzi aliyepewa wimbo katika karatasi ya mtihani hukisia. Aliyeusikiliza hakisii.

Kisha zikaja kanda, na hapa msikilizaji alipanda cheo. Maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa yalieneza kanda za taarab. Na yeyote mwenye redio ya kanda mbili aliweza kunakili alichokitaka kwa mpangilio alioutaka. Yamkini hakuna jambo katika historia hii lililopuuzwa zaidi na wahakiki. Nyimbo nyingi za taarab ni majibizano: mmoja hurusha, mwingine hujibu, na mara nyingi majibu hutoka katika kikundi kingine na mwaka mwingine. Santuri iliviweka mbalimbali. Mwenye kanda aliviweka pamoja, wimbo na jibu lake, akaandika majina kwa kalamu kwenye jalada. Hiyo ni kazi ya mhariri wa diwani.

Linganisha na matoleo yaliyowafikia wasikilizaji wa Ulaya na Marekani: Songs the Swahili Sing, iliyokusanywa na John Storm Roberts mwaka 1983, Mtindo wa Mombasa ya Zein, iliyotolewa na GlobeStyle ya London mwaka 1990, na mfululizo wa Zanzibara ulioanza Ufaransa mwaka 2005, ambao sehemu yake ya pili inahusu taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Matoleo haya yameokoa sauti ambazo huenda zingepotea, na maelezo yake yana manufaa. Lakini mpangilio wake ni wa mkusanyaji, aliyetaka kumwonyesha mgeni kila mwimbaji na kila ala. Mpangilio wa kanda iliyonakiliwa nyumbani humwonyesha mwenyeji nani alimjibu nani, na katika vyuo vyetu bado hatujaanza kuziorodhesha kanda hizo, ingawa utepe wake unaendelea kuoza kwa joto na unyevu wa Pwani.