Fataki ya Risasi: Ni Nini, Inapachikwaje na Kwa Nini Tuiogope

Siku hizi kwenye simu zetu zinapita video za Wamarekani wakijaza upya maganda ya risasi nyumbani. Mtu anashusha mkono wa mashine, ganda linatoka na kidude kipya kinachong'aa kwenye kitako chake, na kazi inaonekana nyepesi kama kufunga kizibo cha chupa.

Kidude hicho kinaitwa fataki. Ndicho sehemu ndogo kuliko zote katika risasi, na ndicho kinacholipuka kwa kugongwa tu. Ukielewa jinsi kinavyopachikwa, utaelewa pia kwa nini risasi iliyookotwa shambani haipaswi kuguswa hata kama imepata kutu.

Kabla hatujaendelea, msikilizaji wetu ujue jambo moja. Marekani watu wengi wanaruhusiwa kujaza risasi zao wenyewe kwa ajili ya uwindaji na shabaha. Hapa Tanzania mambo ya silaha na risasi yanasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Makala hii ni ya kukupa ufahamu tu.

Risasi ina sehemu gani?

Risasi ya bunduki ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, ambalo mara nyingi ni la shaba iliyochanganywa na zinki. Ya pili ni baruti iliyo ndani ya ganda. Ya tatu ni kichwa, yaani ile ncha inayoruka. Ya nne ni fataki, iliyokaa katika tundu dogo katikati ya kitako.

Fataki ya bunduki kubwa ina upana wa milimita 5.3 hivi, na ile ndogo milimita 4.4. Ndani yake kuna kemikali kidogo sana ambayo haihitaji kiberiti. Pini ya bunduki ikiigonga, kemikali inabanwa kwenye kipande kigumu cha chuma kilicho ndani, inalipuka, na mwali wake unapita kwenye tundu hadi kwenye baruti.

Waliowahi kuona gobori la fataki wanaijua kazi hii. Katika gobori, fataki huvalishwa nje, juu ya chuchu ya bunduki. Katika risasi za kisasa imehamia ndani ya kitako.

Ilitoka wapi?

Mwaka 1807 mchungaji wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth, alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali. Alikuwa mwindaji wa ndege, na bunduki za jiwe la kiberiti za wakati huo zilitoa cheche na moshi kabla ya risasi kutoka, hivyo ndege waliwahi kukimbia.

Katika miaka ya 1860 zikapatikana aina mbili ambazo zinatumika hadi leo. Moja ni ya Mmarekani Hiram Berdan, ambayo ganda lake kwa kawaida lina matundu mawili madogo ya kupitisha mwali. Nyingine ni ya Mwingereza Edward Boxer, yenye tundu moja katikati. La kushangaza ni kwamba Wamarekani wanapenda ile ya Mwingereza, kwa sababu fataki iliyotumika hutolewa kwa urahisi kwa sindano moja kupitia tundu hilo. Risasi nyingi za kijeshi za aina ya AK zinatumia mfumo wa Berdan.

Inapachikwaje?

Anayejaza upya huanza kwa kuitoa fataki iliyokwisha kulipuka, kisha anasafisha masizi yaliyobaki tunduni. Maganda ya kijeshi mara nyingi yamebanwa ukingoni ili fataki isichomoke, na mbano huo lazima uondolewe kwanza. Baadaye anaisukuma fataki mpya polepole kwa kifaa maalumu, mpaka mkono wake uhisi imegota mwisho wa tundu.

Inapaswa kukaa chini kidogo ya usawa wa kitako, kiasi cha milimita 0.1. Huo ni unene wa karatasi moja ya daftari. Mafundi hukagua kwa kupitisha kidole juu yake, au kwa kulisimamisha ganda juu ya meza tambarare. Likiyumba, fataki imetokeza.

Unene wa karatasi moja una madhara mawili makubwa.

Kwanza, fataki isiyogota mwisho hunyonya nguvu za pini. Pini inapogonga, badala ya kuilipua inaisukuma tu ndani. Bunduki inalia "ta!" na risasi haitoki. Anayeishika bunduki hiyo akadhani risasi imekufa, kumbe sasa ndiyo fataki imekaa vizuri.

Pili, fataki iliyotokeza inaweza kugongwa na bunduki yenyewe inapojifunga, kabla mtu hajagusa kifyatulio. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa bunduki ambazo pini yake haishikiliwi na springi, kama M1 Garand ya jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia.

Zikikaa nyingi pamoja

Fataki moja inaweza kurusha kipande cha chuma kikatoboa jicho, ndiyo maana mafundi huvaa miwani. Zikimwagwa pamoja kwenye kopo, moja ikilipuka inaweza kuzilipua zote kwa mara moja. Kwa sababu hiyo huuzwa zikiwa zimetenganishwa kila moja katika kijishimo chake, na hazitakiwi kuhamishiwa kwenye chupa wala mfuko. Nyingi pia zina madini ya risasi yenye sumu, kwa hiyo aliyezishika hunawa mikono kabla ya kula.

Hii inatuhusu vipi kijijini?

Watoto wanaochunga na watu wanaolima huweza kuokota risasi. Tazama kwa macho bila kugusa. Ganda lililokwisha kutumika halina kichwa, mdomo wake uko wazi, na katikati ya kitako kuna kibonyeo cha pini.

Lakini ukiona kibonyeo kwenye kitako huku kichwa kingali juu, hiyo ni risasi iliyogongwa ikakataa. Haijafa. Mara nyingine fataki huchelewa kuwaka, na ndiyo maana wafyatuaji hufundishwa kuelekeza mtutu mahali salama na kusubiri angalau sekunde 30 kabla ya kufungua bunduki.

Kutu hakuonyeshi kwamba risasi imeharibika, wala kulowa mvua hakuifanyi kuwa salama. Usiipige kwa nyundo au msumari, usiikate ili kupata shaba ya kuuza, usiitupe kwenye moto wala shimo la taka. Fataki haijui kama imegongwa na pini ya bunduki au na jiwe la mtoto. Ikilipuka nje ya bunduki, ganda hupasuka na vipande vyake huruka kila upande.

Iache palepale, weka alama ya kuonekana hatua kadhaa kutoka hapo, waondoe watoto, kisha mjulishe mwenyekiti wa kijiji, mtendaji au kituo cha polisi kilicho karibu. Kama mtoto amekwisha kuileta nyumbani, mwambie aiweke chini taratibu, asiitupe. Usimchape kwa kuileta, maana atakayeokota nyingine kesho anapaswa kuja kukuambia, siyo kuificha.