Morrowind na Oblivion: mgeni alipogeuzwa mwenyeji

Ni usiku wa manane katika bandari ndogo ya Seyda Neen. Umepanda juu ya mnara wa taa ya meli, umejibanza, unamvizia mwanamume mfupi aitwaye Fargoth. Askari mmoja amekuambia kwamba jamaa huyo ana akiba kaificha mahali, naye anataka kujua ni wapi. Baada ya muda Fargoth anatokea, anazungukazunguka kati ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha anashuka kwenye dimbwi la tope na kuinama penye kisiki. Hakuna mshale unaoning'inia juu ya kichwa chake. Hakuna nukta inayowaka kwenye ramani. Ukisinzia umemkosa, na itakubidi ungoje usiku mwingine.

Hizo ni saa za mwanzo za Morrowind, gemu ya hekaya iliyotengenezwa na Bethesda ya Rockville, katika jimbo la Maryland, Marekani. Ilitoka tarehe 1 Mei 2002 kwa kompyuta, na wiki chache baadaye kwa Xbox. Mdogo wake, Oblivion, alizaliwa tarehe 20 Machi 2006. Wote wawili ni wa ukoo wa The Elder Scrolls, ambao vijana wengi wa leo wanaujua kwa Skyrim ya 2011. Mimi nilianza kumjua mdogo mtu ndipo nikamrudia kaka mtu, na nakiri kwamba siku ya kwanza nilimwona kaka mtu mzee, mchafu na mkaidi.

Wapenzi wa gemu hizi mbili hawajawahi kupatana. Huyu atasifu picha, yule atasifu mapigano, wa tatu atakumbusha kwamba muziki wa zote mbili ulitungwa na Jeremy Soule. Kwangu mimi huko ni kuzunguka mbuyu. Tofauti yenyewe ni hii: katika Morrowind wewe ni mgeni, na kila kitu kinakukumbusha ugeni wako. Katika Oblivion unakabidhiwa funguo za nyumba kabla hujavua viatu.

Tuanzie kwenye shida, maana Morrowind ilizaliwa na shida. Bethesda ilikuwa imetoa Arena mwaka 1994 na Daggerfall mwaka 1996. Daggerfall ilikuwa na maelfu ya miji na mashimo yaliyopangwa na kompyuta yenyewe, mengi yakifanana kama matofali ya tanuri moja. Battlespire ya 1997 na Redguard ya 1998 hazikuuza vizuri, kampuni ikayumba, na mwaka 1999 ikaundwa ZeniMax Media kuwa kampuni mama. Kazi ya Morrowind ikaongozwa na Todd Howard, aliyejiunga na Bethesda mwaka 1994 akiwa kijana, huku Ken Rolston, mkongwe wa michezo ya dadu na karatasi, akiwa msanifu mkuu. Mwanzo walikusudia kuchora jimbo zima la Morrowind. Mwishowe wakabaki na kisiwa kimoja, Vvardenfell, chenye volkano katikati, wakaamua kukipanga kwa mikono, jiwe kwa jiwe. Kampuni iliyo hoi haina sifa ya kulinda, na nadhani ndiyo sababu wakathubutu vitu ambavyo kampuni yenye shibe ingevikataa kikaoni.

Vitu gani? Misitu ya uyoga mrefu kuliko nyumba. Dhoruba za majivu zinazomfanya mtu akinge uso kwa mkono. Katika mji wa Ald'ruhn, wakubwa wa ukoo wa Redoran wanaishi ndani ya gamba la kaa mkubwa aliyekufa zamani. Wachawi wa ukoo wa Telvanni wanaishi katika minara ya uyoga ambayo ndani yake hakuna ngazi. Ukitaka kuonana na bwana mkubwa sharti uje na dawa au uganga wa kupaa, la sivyo utabaki chini ukitazama shimo la dari. Hakuna anayekuomba radhi kwa hilo.

Usafiri nao ni kituko. Kando ya miji kadhaa husimama mdudu mkubwa kama ghorofa, umbo la kiroboto, aitwaye silt strider. Gamba lake limechongwa shimo la kukaa abiria, na dereva humwendesha kwa kubonyeza nyama zake za ndani zilizoachwa wazi. Ana njia zake kama daladala: kutoka Seyda Neen atakufikisha Balmora, Vivec, Suran au Gnisis, basi. Kwingine utaunganisha kwa mashua, au utawalipa wachawi wa chama wakuhamishe, au utatembea. Na kutembea kwenyewe, mwanzoni, ni kwa mwendo wa mtu aliyeshiba ubwabwa. Ukungu unaficha upeo wa macho, vilima vinakulazimisha uzunguke, na kisiwa ambacho kwa kipimo halisi ni kidogo kinaonekana hakina mwisho.

Sasa njoo kwenye kuulizia njia. Mapema kabisa unatumwa kuchukua kijisanduku kwenye magofu ya Arkngthand. Anayekutuma anakueleza kwa maneno matupu: toka Balmora, shika njia ya ngome ya Moonmoth, vuka daraja la kale lililo juu ya korongo, kisha tafuta mlango. Mlango huo haufunguki kwa kusukumwa. Karibu yake kuna bomba lenye mkono wa kuzungusha, na usipouzungusha utaurukia ukuta hadi asubuhi. Ukishaingia, kijisanduku chenyewe ni kidogo, kimekaa kwenye rafu kati ya vikorokoro vingine vya shaba vya rangi ileile. Watu wamekitafuta kwa saa nzima. Mimi nilikitafuta jioni mbili, na nilipokiona nilisimama kutoka kitini.

Wenyeji, Dunmer wenye ngozi ya kijivu na macho mekundu, hawakuchangamkii. Wanakuita mtu wa nje, na wakikasirika wana tusi lao, n'wah, ambalo kila aliyecheza gemu hii analo kichwani hadi leo. Wana sababu. Nchi yao iko chini ya dola ya kigeni iliyokuja na mkataba, ngome, sarafu, sheria na dini yake, na wewe umeletwa na meli ya wafungwa kwa amri ya kaizari wa dola hiyo. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Lakini waandishi hawakuwafanya Dunmer malaika: wenyewe wanafuga watumwa, wanagombana koo kwa koo, na miungu yao mitatu iliyo hai ina siri isiyopendeza. Unabii unasema atatokea mtu wa kuwaokoa. Huenda ni wewe, huenda ni mpango wa kaizari tu, na gemu haikupi jibu la mkato. Ukimuua mtu ambaye unabii unamhitaji, inakuandikia kwamba uzi umekatika, kisha inakuacha uendelee kuishi katika dunia uliyoiharibu mwenyewe.

Kasoro? Zipo tele. Unamchapa kaa wa pwani kwa upanga, upanga unampita mwilini, na hesabu ya dadu iliyojificha inasema umekosa. Unachapa tena, umekosa tena. Watu karibu wote wanasimama mahali pamoja usiku na mchana, wenye maduka hawalali, na ukiwauliza habari za mji, wengi wanakupa aya ileile neno kwa neno. Fargoth na safari yake ya usiku ni miongoni mwa wachache waliopewa miguu.

Hapo ndipo Oblivion ilipotia jembe. Katika maonyesho ya gemu ya E3 ya 2005, Bethesda ilionyesha wahusika wanaojipangia siku: wanakula, wanalala, wanakwenda hekaluni, wanasafiri kutembelea jamaa. Howard alionyesha mama mmoja muuza vitabu ambaye mbwa wake alipomzidi kelele, alimchoma kwa uchawi. Gemu ilipotoka, mambo hayakuwa makali kiasi hicho, lakini kweli watu walikuwa na ratiba. Ungeweza kumfuata mtu kutwa nzima na ukajua tabia zake. Mfalme wa kazi unazotumwa humo ni ile ya kundi la wauaji katika mji wa Skingrad: wageni watano wamefungiwa ndani ya nyumba wakidhani wanatafuta sanduku la dhahabu, nawe ni wa sita. Unakula nao, unasikiliza nani anamchukia nani, kisha unawamaliza mmoja mmoja huku waliobaki wakishukiana. Morrowind haina kitu cha kulinganisha na jioni ile, na anayebisha hajaicheza.

Lakini Oblivion ilifanya uamuzi mmoja uliobeba mengine yote. Iliamua kila mtu aseme kwa sauti. Kaizari Uriel Septim, yuleyule aliyekutoa gerezani kwenye Morrowind, safari hii anasema kwa sauti ya Patrick Stewart na kufa mapema. Mwanawe Martin ni Sean Bean. Hao walikuja na mvuto wao. Mamia ya raia waliobaki waligawiwa waigizaji wachache mno, hata ukadhani mji mzima umezaliwa na mama mmoja. Ombaomba anakuomba senti kwa sauti ya kukwaruza, ukimuuliza habari anakujibu kwa sauti ya bwana shamba, maana maneno hayo yalirekodiwa na mwingine. Kuna mwanamke wa hekalu katika mji mkuu ambaye katikati ya sentensi anasikika akiomba arudie, kisha anarudia. Kosa la studio likauzwa hivyohivyo.

Sauti ni ghali na inajaza diski. Maandishi ni rahisi: ukihamisha daraja unafuta sentensi moja. Ukisharekodi, utamwita tena mwigizaji kwa ajili ya daraja? Kwa hiyo watu wa Oblivion wanasema machache, na badala ya maelezo ya njia ukawekewa mshale juu ya dira. Unatoka kwenye mfereji wa maji machafu, ziwa linametameta mbele yako, magofu meupe ng'ambo, na ungesimama kutazama, ila mshale umeshakuonyesha pa kwenda. Miji mikubwa imeshatiwa alama kwenye ramani, unabonyeza na umefika. Baada ya wiki moja nilijikuta nauangalia mshale kuliko barabara, kama dereva wa teksi anayefuata simu hata inapompeleka kwenye uwanja wa watu.

Vingine vikafuata mkumbo. Fani za mhusika zilikuwa 27, zikabaki 21: mkuki ukatupwa, deraya ya kati ikatupwa, shoka likaunganishwa na rungu. Kwa kuwa kila mji mkubwa sasa ulikuwa dunia yake nyuma ya ukuta na lango, kupaa kukaondolewa kabisa. Halafu likaja lile la maadui kukua pamoja nawe. Nia ilikuwa njema, kwamba uende popote utakapo bila kuuawa. Matokeo yake, jambazi wa barabarani aliyevaa ngozi siku ya kwanza, ukishapanda ngazi anakukaba akiwa ndani ya deraya ya kioo yenye thamani ya maelfu, na bado anadai dhahabu 100. Wa Morrowind walijua kuna mapango ya kukimbiwa na kurudiwa ukishapata nguvu. Huku ukarudia nini, ikiwa pango limekungoja?

Hata nchi yenyewe ilifugwa. Vitabu vya awali vya ukoo huu vilieleza Cyrodiil, jimbo ambamo Oblivion inachezwa, kuwa nchi ya msitu mnene wa joto. Oblivion ikaifanya ya mialoni, nyasi na makanisa ya mawe, Ulaya ya kwenye filamu, na miaka ile filamu za The Lord of the Rings zilikuwa zimewazoesha watazamaji sura hiyo. Nawe huko hujaja kama mtu wa nje. Uko katikati ya dola, unaiokoa, na kila mlinzi anakushangilia. Aprili 2006 wakaongeza na biashara mpya, deraya ya farasi kwa dola 2.50, watu wakacheka na wengine wakanunua. Kicheko kile siku hizi hakisikiki, vitu vya namna hiyo vimekuwa mkate wa kampuni nyingi.

Uamuzi wangu basi: kwa jioni za wiki moja, cheza Oblivion. Ina kazi zilizotungwa kwa ufundi zaidi, mapigano yasiyokera, na tangu Aprili 2025 ipo iliyofanywa upya kwa picha za kisasa. Kwa nchi ya kukaa kichwani, Morrowind. Ile haitaki kompyuta ya bei. Ukiwa na nakala halali, programu huria ya OpenMW iliyotengenezwa na watu wa kujitolea itaiendesha kwenye Windows, Linux au Mac. Ukishuka melini Seyda Neen, chungulia ndani ya pipa lililo uani pa ofisi ya ushuru. Kuna pete humo, mrudishie Fargoth. Na kabla hujatoka kijijini, tafuta daftari na kalamu.