Chai, Mchana au Usiku? Msosi Uliowatoa Jasho Mabosi wa Disney

Watu wakisikia Disney akili inakimbilia Mickey Mouse, majumba ya kifalme na yale mabembea yanayomfanya mtu mzima alie kama mtoto. Msosi haumjii mtu kichwani kabisa. Lakini wenye biashara ile wanajua mgeni mwenye njaa hafurahishwi na bembea lolote, na kuna mwaka swali dogo tu, wageni watakunywa chai au hawanywi, liliwaaibisha matajiri mbele ya dunia nzima.

Hiyo ilikuwa Ufaransa, 1992. Ila stori inaanza mbali zaidi, kwa mama mmoja wa California na vyombo vyake vya harusi.

Mwaka 1934 Marekani ilikuwa katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, hela hakuna mtaani. Huyo mama na mumewe walikuwa na shamba la matunda Buena Park, wanauza barabarani pamoja na jamu na pai. Jioni moja mama akaamua kukaanga kuku na kuwapakulia wateja 8, senti 65 kwa kila mmoja. Kwa kuwa hakuwa na vyombo vya hoteli alitoa vya harusi, vile ambavyo kwenye nyumba nyingi vinalala kabatini mpaka aje mkwe. Hakukuwa na mambo ya menyu. Ni kuku, viazi vya kuponda, mchuzi na pai, ukitaka kaa, hutaki pita.

Watu wakakaa. Wakawa wengi mpaka foleni ikawa ya masaa, na mwaka 1940 mzee akaanza kujenga kijiji cha kizamani cha magharibi ya Marekani pale shambani ili wanaosubiri kuku wawe na kitu cha kuangalia. Kijiji kikaongezewa hiki na kile, leo ndiyo Knott's Berry Farm, moja ya mabustani makubwa ya michezo California. Yaani pale msosi ulitangulia, mabembea yakaja kuwaliwaza wenye njaa.

Disneyland yenyewe, ambayo haiko mbali na hapo, ilifanya kinyume chake na ikaumbuka siku ya kwanza tu. Tarehe 17 Julai 1955 watu walifurika, wengine na tiketi feki, chakula na vinywaji vikakata. Jua kali, lami mbichi inakamata visigino vya akina dada, na mabomba ya maji ya kunywa ni machache kwa sababu mafundi bomba walikuwa wamegoma. Baadhi ya wageni wakasema ni makusudi ili wanunue soda. Mpaka leo siku ile inaitwa Jumapili Nyeusi.

Mwaka huohuo ndani ya Disneyland ulifunguliwa mgahawa wa chakula cha Kimeksiko, Casa de Fritos. Huu unastahili kutajwa kwa sababu ya jamaa mmoja aliyekuwa anawaletea mikate ya tortila. Siku moja miaka ya mwanzoni mwa 1960 akaona mikate iliyochacha inatupwa. Akamwambia mpishi asitupe, akate vipande akaange. Mpishi akakaanga, wateja wakavifakamia. Kampuni iliyokuwa nyuma ya mgahawa ikashtuka, na mwaka 1966 vikaingia sokoni Marekani nzima kwa jina la Doritos. Ndiyo, hizohizo za kwenye pakiti pale supamaketi. Aliyetoa wazo anatajwa tu kama "muuzaji", mabilioni wakala wengine.

Mpaka hapo mgeni alikuwa anakuja asubuhi, anakula anachokikuta, jioni anarudi kwake. Mambo yalibadilika Oktoba 1971, Disney walipofungua Florida na kuweka na hoteli zao. Mtu akishalala kwako una kesi ya milo mitatu. Ataamka na njaa, mchana njaa, usiku njaa, na kila mlo ni hela yako au ya mwingine. Ndani ya ngome ya Cinderella wakaweka mgahawa wa kifalme wakauita kwa jina la Mfalme Stefan, ambaye kwenye filamu zao wenyewe ni baba wa binti mwingine kabisa, yule aliyelala usingizi mrefu. Walikaa na hilo kosa zaidi ya miaka 25, jina likabadilishwa 1997.

Sasa Paris.

Tarehe 12 Aprili 1992 Euro Disney ilifunguliwa Marne-la-Vallée, mashariki ya Paris, na hoteli kubwa 6 zenye vyumba zaidi ya 5,000. Wasomi wa Ufaransa walikuwa wameshaanza kununa kwamba Wamarekani wanaleta utamaduni wa plastiki. Mabosi hawakujali. Walikuwa na uzoefu wa California, Florida na Tokyo, nani angewafundisha kazi?

Kwenye kupanga migahawa ya hoteli kukawa na ushauri kwamba Wazungu wa Ulaya hawana shida na chai ya asubuhi. Kahawa kidogo, krosanti moja, mtu kaondoka. Ukilichukulia juujuu ni wazo la maana, maana Mfaransa wa Paris mwenye haraka ya kuwahi treni ndivyo anavyofanya kweli. Wakapunguza ukubwa wa sehemu za kulia chai ili wasijaze viti vitakavyokaa vitupu.

Walichosahau ni kwamba mtu akiwa likizo sio yule anayewahi treni. Kalipia hoteli, ana watoto watatu, anajua akitoka hapo anakwenda kutembea kutwa nzima juani na msosi wa ndani bei zake zina ukali. Kwa hiyo anataka kushiba kabla ya kutoka. Halafu wengi hawakukaa siku nne tano kama mabosi walivyopiga hesabu. Walikaa usiku mmoja au miwili, wakaamka wote saa moja, wote wanataka kuwa getini likifunguliwa, kwa hiyo wote wako kwenye foleni ya chai dakika ileile. Na hawakutaka krosanti, walitaka mayai na nyama. Bosi mmoja alikiri baadaye kwamba walikuwa wanajaribu kulisha watu 2,500 kwenye mgahawa wa viti 350.

Piga picha wewe ndiye mhudumu pale. Umeajiriwa juzi, umefundishwa kutabasamu, na mbele yako kuna baba Mjerumani, mama Mwitaliano na bibi Mwingereza, kila mmoja anauliza kwa lugha yake mayai yako wapi. Waliokoa jahazi kwa kufunga vifungua kinywa kwenye maboksi na kuvipeleka vyumbani na kwenye vituo vidogo vya pembeni. Mtu kalipa hoteli ya kifalme anakula chai kwenye boksi amekaa kitandani.

Mchana nako kulikuwa na balaa lake. Mmarekani kwenye bustani ya michezo anakula huku anatembea, saa tano hotidogi, saa nane bisi, saa kumi aiskrimu, kwa hiyo migahawa haielemewi kwa mpigo. Wageni wa Ufaransa wengi walitaka kukaa mezani wale kama watu, na walitaka iwe saa sita na nusu. Saa nne mgahawa mtupu, saa sita na nusu kama stendi ya basi siku ya sikukuu, saa tisa mtupu tena. Na akishapata kiti anauliza divai, anaambiwa ndani ya bustani hakuna pombe. Mfaransa, chakula cha mchana, bila divai! Ni kama kumpa mtu wa Pwani pilau umnyime kachumbari. Sheria hiyo ilidumu mwaka mmoja na kidogo tu, 1993 divai na bia vikaruhusiwa mezani.

Chai peke yake haikuiangusha Euro Disney, tuseme ukweli. Kulikuwa na madeni ya kutisha, riba, hoteli za bei kali na uchumi wa Ulaya uliokuwa umelala. Lakini msosi ndiyo sehemu mgeni aliyoiona kwa macho yake na kwenda kuisimulia nyumbani. Hasara ilifika mabilioni ya faranga, ikasemekana geti linaweza kufungwa kabisa, na maelfu ya waajiriwa, pamoja na wale wa kutabasamu, wakawa wanalala na wasiwasi. Mwaka 1994 benki zikakubali kupanga upya madeni, mwanamfalme mmoja tajiri wa Saudi Arabia akaingiza hela zake, jina likaanza kubadilika kuwa Disneyland Paris, na 1995 ndiyo wakaonja faida ya kwanza.

Huko Florida nako vita vikahamia kwa wageni wenyewe. Mwaka 2005 Disney walileta mpango wa msosi: unalipa kabla ya safari, unapewa pointi, pointi moja ya mgahawa wa kukaa ni mlo mmoja. Mlo wowote. Bufee ya chai na bufee ya usiku zote pointi ileile, wakati kwa hela taslimu ya usiku ina bei zaidi. Unadhani watu hawakuliona hilo? Wajanja walikuwa wanakunywa chai ya kujinunulia, kipande cha keki na kahawa, halafu pointi zote wanakwenda kuzitua usiku. Mpango ulisimama corona ilipoingia 2020, ukarudi Januari 2024, na hesabu bado ni zilezile.

Mahali ambapo hesabu hizo zinanoga ni pale ambapo msomaji wa Kiswahili anaweza kusoma mabango bila mkalimani. Mwaka 1998 Disney walifungua bustani ya wanyama na kujenga ndani yake mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, walioutengeneza kwa kuangalia Lamu. Wakauita Harambe. E moja imeliwa njiani, sijui walidhani hatutaona. Mwaka 2001 ikafuata hoteli ya jirani, jengo lake kuu linaitwa Jambo, na migahawa miwili mikubwa ni Boma na Jiko. Mwaka 2009 wakaongeza jengo la Kidani na mgahawa wa Sanaa.

Boma wanatoa chai na chakula cha usiku, mchana hawapiki. Chai ni nafuu na ina bobotie ya Afrika Kusini pembeni ya mayai ya Kimarekani. Usiku bei inapanda lakini ndiyo kuna nyama choma, supu za kila aina na vile vikeki vya mistari ya pundamilia vyenye Amarula ndani, ambavyo watu hupanga foleni mara tatu bila haya. Mwenye pointi aende usiku. Anayelipa mfukoni na ana watoto wasiofika nusu ya sahani, chai inamtosha.

Sanaa ndiyo inageuza kila kitu. Kule umaarufu ni mikate ya naani na michuzi yake, mtindo wa Kihindi uliokutana na wa Kiafrika, kitu ambacho mtu wa Zanzibar au Mombasa hahitaji kufundishwa. Pointi zinasema nenda usiku. Lakini madirisha ya Sanaa yanatazama mbuga, na jua likishazama unabaki unajiangalia mwenyewe kwenye kioo. Anayekwenda mchana anavunja naani huku twiga anapita pale nje.