Mikroskopi na darubini: lenzi ya mbele ndiyo inaona, lenzi ya jicho inakuza tu

Mtoto ameamka na homa. Mama anambeba mpaka kituo cha afya, muganga anaandika karatasi, wanaenda labo. Pale wanamtoboa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipande cha kioo, linakaushwa, linatiwa rangi. Kisha mtu wa labo anainama juu ya mikroskopi na kunyamaza. Mama anangoja.

Jibu litakalotoka, "malaria iko" ao "malaria hakuna", linategemea macho ya yule mtu. Lakini linategemea pia lenzi chache zilizofungwa ndani ya ile mashine. Wengi wanafikiri mikroskopi nzuri ni ile inayokuza sana. Sivyo. Kukuza ni kazi rahisi, kuonyesha wazi ndiyo kazi ngumu.

Lenzi moja inafanya nini?

Lenzi ni kioo kilichosuguliwa mpaka kikapata tumbo: kinene katikati, chembamba pembeni. Mwanga ukiingia ndani yake unapinda, na mishale yake inakutana pahali pamoja upande wa pili. Umbali kutoka kwenye lenzi mpaka pale mwanga wa kitu cha mbali unapokutana unaitwa umbali wa fokasi. Lenzi yenye tumbo kubwa ina fokasi fupi, na inakuza zaidi.

Hata tone la maji ni lenzi. Weka karatasi ya nailoni juu ya gazeti, dondosha tone moja juu yake, utaona herufi za chini zimekuwa kubwa. Katika miaka ya 1670, mfanyabiashara wa vitambaa wa Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alitumia lenzi moja tu, ndogo sana, na akaona vijidudu ndani ya maji. Moja ya lenzi zake ambazo zimebaki inakuza karibu mara 270. Lakini ilibidi kuiweka karibu kabisa na jicho, na kazi hiyo inachosha.

Lenzi mbili, kazi mbili

Mikroskopi ya labo ina lenzi pande mbili. Ile ya chini, iliyo karibu na damu, inaitwa objektifu. Ile ya juu, pahali mtu anaweka jicho, inaitwa okulari. Ndani ya kila moja mara nyingi kuna vioo kadhaa, lakini vinafanya kazi kama lenzi moja.

Objektifu inapokea mwanga kutoka kwa kitu na kutengeneza picha yake, kubwa na iliyogeuka, ndani ya bomba la mikroskopi. Okulari inaangalia ile picha kama vile mzee anavyosoma barua kwa kioo cha kukuza. Haiangalii damu yenyewe. Inaangalia picha ya damu iliyoletwa na objektifu.

Ndiyo maana ukisukuma kipande cha kioo upande wa kuume, picha inakimbilia kushoto. Wanafunzi wa labo wanasumbuka na jambo hili siku za kwanza, kisha mkono unazoea.

Na hapo ndipo siri iko. Kama objektifu haikuleta alama fulani, okulari haiwezi kuitengeneza. Ni kama picha ya simu yenye ukungu: unaweza kuivuta kwa vidole mpaka ijaze kioo chote, sura ya mtu haitaonekana vizuri zaidi. Itakuwa ukungu mkubwa tu.

Hesabu yake

Kujua mikroskopi inakuza mara ngapi, zidisha namba ya objektifu kwa namba ya okulari. Okulari nyingi za labo zimeandikwa 10x. Objektifu huwa nne, na kila moja ina mzunguko wa rangi: nyekundu ni 4x, njano ni 10x, buluu ya maji ni 40x, nyeupe ni 100x. Basi ile ya 100 na okulari ya 10 zinakuza mara 1000.

Kwa malaria ni hiyo mara 1000 inayotakiwa. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa karibu mikromita 7, yaani ukipanga 140 hivi kwenye mstari, ndipo unapata milimita moja. Kidudu cha malaria kikiwa bado kichanga kinaonekana kama pete ndogo sana, sehemu ndogo tu ya ile chembe.

Je, kwa nini usiweke okulari ya 25x upate mara 2500? Mwaka 1873, Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba mwanga wenyewe una mpaka. Vitu viwili vikikaribiana chini ya mikromita 0,2 hivi, mikroskopi ya mwanga inaviona kama kitu kimoja. Kupita mara 1000 ao 1200, unapata ukubwa bila kupata habari mpya.

Yale mafuta ni ya nini?

Objektifu ya 100x inatumika na tone la mafuta kati yake na kioo. Sababu ni hii: mwanga ukitoka kwenye kioo na kuingia hewani unapinda kwenda nje, mwingi unapotea pembeni bila kufika kwenye lenzi. Mafuta ya mikroskopi yanapinda mwanga karibu sawa na kioo. Mwanga unapita moja kwa moja kama vile hakuna nafasi, objektifu inapata mwanga mwingi, na alama ndogo zinaonekana wazi. Objektifu za namna hiyo za Abbe na kiwanda cha Zeiss zilitoka mwaka 1878.

Mafuta ya kupikia ao ya moto hayafai. Hayapindi mwanga inavyotakiwa, tena yanachafua lenzi.

Yaliyoonekana kwa lenzi hizo

Mwaka 1880, huko Constantine nchini Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa Alphonse Laveran aliona kidudu cha malaria kikitikisika ndani ya damu ya askari. Mbele ya pale wengi waliamini ugonjwa unatoka kwenye hewa mbaya ya mabwawa.

Congo nayo iko katika historia hiyo. Daktari Muingereza Joseph Everett Dutton, ambaye alitambua katika damu ya mtu kidudu cha ugonjwa wa malale, alikuja huku pamoja na mwenzake John Lancelot Todd. Walichunguza homa ya kurudiarudia na wakaonyesha kwamba inaletwa na kupe. Dutton mwenyewe alishikwa na homa hiyo na akafia Kasongo, Maniema, Februari 1905. Kidudu chake, chembamba kama uzi uliojisokota, kinaitwa leo Borrelia duttonii.

Darubini: ndugu yake mkubwa

Darubini ya kuangalia nyota inafuata akili ileile: objektifu mbele, okulari nyuma. Tofauti ni kwamba objektifu ya mikroskopi ina fokasi fupi, kwani kitu kiko karibu. Ya darubini ina fokasi ndefu na upana mkubwa, kwani kitu kiko mbali na mwanga wake ni kidogo.

Hapa hesabu ni ya kugawanya: fokasi ya objektifu kwa fokasi ya okulari. Darubini ya milimita 900 ikiwekwa okulari ya milimita 25 inakuza mara 36. Ukiweka ya milimita 10, mara 90. Kumbe kwenye darubini okulari yenye namba ndogo ndiyo inakuza zaidi.

Lakini wauzaji wanapenda kuandika kwenye karatoni namba kubwa, mara 500 na zaidi, kwa darubini yenye lenzi ya milimita 60. Msinunue namba hiyo. Kwa kawaida darubini haifai kupita mara 2 kwa kila milimita ya upana wake, kwa hiyo ya milimita 60 inaishia kwenye 120. Galileo aliona miezi minne ya Jupita mwezi wa kwanza wa 1610 kwa darubini iliyokuza karibu mara 20 tu. Na onyo moja lisilo na mjadala: usielekeze darubini kwenye jua. Jicho linaungua mara moja.

Uchafu uko wapi?

Kwenye mikroskopi, doa likionekana, usianze kufungua mashine. Zungusha okulari polepole: doa likizunguka nayo, liko kwenye okulari. Sukuma kipande cha kioo: likitembea nacho, liko kwenye kioo. Badilisha objektifu: likipotea, liko kwenye ile objektifu uliyoondoa.

Mafuta yapanguswe kila siku baada ya kazi, kwa karatasi laini ya lenzi, si kwa pembe ya shati. Objektifu ya 40x isiguswe na mafuta kabisa. Na pahali penye unyevu, kuvu inaota juu ya lenzi kama inavyoota ukutani, kisha inakula kioo. Dawa yake ni sanduku lililofungwa vizuri lenye vifuko vya kunyonya unyevu, ao kabati lenye balbu ndogo inayowaka.

Leo vituo vingi vina tesi ya haraka ya malaria, na inasaidia sana. Lakini baada ya mtoto kumeza dawa na kupona, tesi nyingi za namna hiyo zinaweza kuendelea kusema "malaria iko" kwa majuma. Mikroskopi ndiyo inaonyesha kama vidudu viko vingi ao vichache, na kama dawa inavipunguza.

Ndiyo maana kanuni inamtaka mtu wa labo apitie angalau viwanja 100 vya tone nene, yaani asogeze kioo na kuangalia mara 100, mbele ya kuandika kwamba hakuna kitu. Mama anayengoja kwenye benchi asifikiri anacheleweshwa. Na kama lenzi ya chini imejaa mafuta ya jana, hata viwanja 1000 havitamsaidia mtoto wake.