Upapa na Jimbo Katoliki la Singida

Upapa ni wadhifa wa Askofu wa Roma, ambaye Wakatoliki humwita Papa au Baba Mtakatifu na kumtambua kuwa khalifa wa Mtume Petro. Hakuna Papa aliyewahi kufika mkoani Singida. Hata hivyo Jimbo Katoliki la Singida lipo kwa sababu Papa mmoja, Paulo VI, aliamua liwepo, na kila askofu aliyeliongoza ameteuliwa na Papa. Makala hii inaufuata upapa kwa njia hiyo ya uteuzi wa maaskofu. Ndiyo njia iliyoleta baadhi ya magomvi mazito katika historia yake, na ndiyo inayomgusa muumini wa Ikungi au Manyoni kwa karibu kuliko makumbusho yote ya Vatican.

Chimbuko na uchaguzi wa Papa

Mapokeo ya Kanisa yanasema Petro aliuawa Roma wakati wa Kaisari Nero, katika miaka ya 60 baada ya Kristo, na kwamba Lino ndiye aliyemfuata. Afrika imo katika orodha hiyo tangu mapema. Papa Vikta I, aliyeshughulikia mgogoro wa tarehe ya Pasaka mwishoni mwa karne ya 2, Miltiade aliyekuwapo Kaisari Konstantino alipowapa Wakristo uhuru wa kuabudu mwaka 313, na Gelasio I wa mwishoni mwa karne ya 5, wote wanatajwa kuwa na asili ya Afrika ya Kaskazini.

Kwa muda mrefu Papa alichaguliwa na makleri na watu wa Roma, na mara nyingi familia tajiri au wafalme walitia mkono. Mwaka 1059 Papa Nikola II aliwakabidhi makadinali kazi hiyo. Mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano ukaweka sharti la theluthi mbili ya kura. Halafu likatokea la mji wa Viterbo, Italia: Papa Klementi IV alifariki mwaka 1268, na makadinali wakabishana karibu miaka mitatu kabla ya kumpata Gregori X. Yeye, akiwa ameona madhara ya kanisa kukaa bila kichwa, aliamuru mwaka 1274 kwamba makadinali wafungiwe mahali pamoja, na chakula chao kipunguzwe kadiri wanavyochelewa. Hiyo ndiyo asili ya konklavu. Siku hizi chakula hakipunguzwi, lakini mlango bado hufungwa, kura bado ni theluthi mbili, na karatasi bado huchomwa ili moshi uwajulishe walio nje.

Nani amteue askofu?

Swali hili lilimgonganisha Papa Gregori VII na mfalme Henri IV wa Ujerumani. Wafalme walikuwa wakigawa uaskofu jinsi walivyogawa ardhi, na kumvika askofu pete na fimbo kwa mikono yao wenyewe. Gregori alikataza jambo hilo, mfalme akamtangaza Papa kuwa amevuliwa madaraka, Papa akamtenga mfalme na Kanisa. Januari 1077 Henri alisimama kwenye theluji nje ya ngome ya Canossa, kaskazini mwa Italia, akiomba kusamehewa. Suluhu ya kudumu zaidi ilipatikana mjini Worms mwaka 1122: pete na fimbo zikabaki mikononi mwa Kanisa.

Pwani ya Afrika Mashariki ilionja sura nyingine ya tatizo lilelile. Wareno walipoitawala Mombasa, mfalme wao alikuwa amekwisha kupewa na mapapa haki ya kupendekeza maaskofu na kusimamia utume katika nchi alizozifikia. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Augustino waliofika Mombasa mwishoni mwa karne ya 16 walikuwa chini ya mpango huo, na kwa wenyeji msalaba na bendera ya Ureno vikawa kitu kimoja. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa na kulelewa na Wareno huko Goa, aliasi, na Wakristo wa Mombasa, Wareno na Waafrika, wakauawa. Dini iliyofungwa kwenye dola huanguka pamoja na dola hiyo, na Roma ilikuwa imeanza kulitambua hilo. Miaka tisa kabla, tarehe 22 Juni 1622, Papa Gregori XV alikuwa ameanzisha idara yake ya kueneza Injili, ili utume uongozwe na Roma badala ya wafalme. Zaidi ya karne mbili baadaye ukristo wa sehemu za bara za Tanganyika ulijengwa chini ya idara hiyo.

Mtakatifu Gaspar wa Itigi

Mtu akishuka kwenye stesheni ya Itigi, kwenye Reli ya Kati kati ya Manyoni na Tabora, atasikia jina la Gaspar kabla hajatoka mjini. Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, kazi ya Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu, hupokea wagonjwa kutoka mbali, wengine wakiwa wamepita katikati ya vichaka vya Itigi ambavyo wataalamu wa mimea wanavijua dunia nzima. Huenda wagonjwa wengi hawajui kwamba jina lililoandikwa kwenye kadi zao linatokana na mojawapo ya miaka migumu kuliko yote ya upapa.

Gaspar del Bufalo alizaliwa Roma tarehe 6 Januari 1786, akapewa upadre mwaka 1808. Mwaka huohuo majeshi ya Napoleon yaliingia Roma. Papa wa wakati huo, Pio VII, alikuwa mtu mpole, mtawa wa Kibenediktini aliyechaguliwa Venisi mwaka 1800 kwa sababu Roma haikuwa na usalama. Aliposhurutishwa kuungana na Wafaransa dhidi ya adui zao, alikataa. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 1809 askari walipanda kuta za jumba lake kwa ngazi, wakamkamata, wakampeleka Savona, na baadaye Fontainebleau karibu na Paris. Alikaa kifungoni karibu miaka mitano.

Silaha aliyobaki nayo Papa huyo mfungwa ilikuwa moja tu: alikataa kuwaidhinisha maaskofu waliopendekezwa na Napoleon. Majimbo mengi ya himaya yakakaa bila maaskofu halali, na mtawala aliyezishinda karibu nchi zote za Ulaya akashindwa kulipata alilolihitaji kwa mzee mmoja aliyefungiwa chumbani. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo upapa unapoeleweka vizuri kuliko katika fahari yake yote.

Mapadre wa Roma nao walitakiwa kuapa kiapo cha utii kwa Napoleon. Mwaka 1810 Gaspar, akiwa na umri wa miaka 24, aliitwa aape. Akajibu kwamba hawezi, haimpasi, wala hataki. Alihamishwa kwa nguvu hadi Piacenza, kisha Bologna, kisha magerezani. Napoleon alipoanguka mwaka 1814, padre na Papa wote wawili walirudi Roma, na Pio VII akamtuma Gaspar kuhubiri katika miji iliyokuwa imechoshwa na vita na ujambazi. Tarehe 15 Agosti 1815 alianzisha shirika lake huko Giano, Umbria. Pio XII alimtangaza mtakatifu tarehe 12 Juni 1954, na mwaka 1966 wamisionari wake wakaja Tanzania.

Ugomvi huohuo ndio uliozaa rangi ambazo kila parokia ya Singida huzining'iniza siku ya sikukuu. Rangi za zamani za Papa zilikuwa nyekundu na njano. Mwaka 1808 Wafaransa walipowaingiza askari wa Papa katika jeshi lao wakiwa bado wamevaa rangi hizo, Pio VII aliamuru waliobaki watiifu kwake wavae njano na nyeupe. Vitambaa vya njano na nyeupe vinavyofungwa kwenye miti askofu anapokuja kutoa kipaimara kigangoni vinatokana na amri hiyo.

Kuundwa kwa jimbo

Katika nchi za misioni, Roma haikuanza na majimbo kamili. Ilianza na maeneo ya kitume, yaliyokabidhiwa shirika moja la wamisionari na kuongozwa kwa niaba ya Papa mwenyewe. Dodoma ilipata hadhi hiyo mwaka 1935 chini ya Wapasionisti, na Mbulu mwaka 1943 chini ya Wapalotini. Wakati huo Papa Benedikto XV alikuwa amekwisha kutoa waraka wake wa Novemba 1919, akiwaonya wamisionari wasiipiganie heshima ya mataifa yao na kuwahimiza waandae mapadre wazalendo. Onyo hilo lilikuwa na uzito Tanganyika, ambako Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewaondoa wamisionari Wajerumani. Huko Rubya, Bukoba, mapadre wanne wa kwanza wazalendo walikuwa wamepewa daraja tarehe 15 Agosti 1917, vita hivyo vikiendelea.

Tarehe 25 Machi 1953 Pio XII aliyapandisha maeneo ya kitume ya Tanganyika kuwa majimbo kamili. Paulo VI, Papa wa kwanza wa zama zetu kuitembelea Afrika (alikuwa Kampala kuanzia tarehe 31 Julai hadi 2 Agosti 1969), aliichagua tarehe ileile ya Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, kulizaa Jimbo la Singida mwaka 1972, likimegwa kutoka Dodoma na Mbulu. Askofu wa kwanza alikuwa Mhashamu Bernard Mabula, aliyeliongoza hadi mwaka 1999. Kanisa kuu ni la Moyo Mtakatifu wa Yesu, mjini Singida. Mwaka 2014 Papa Fransisko aliifanya Dodoma kuwa jimbo kuu, na Singida ikawa chini yake pamoja na Kondoa.

Wakatoliki wa Singida wanaishi bega kwa bega na Waislamu na Walutheri. Dayosisi ya Kati ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) nayo ina makao yake mjini Singida, na Iramba ni nchi ya Walutheri wa siku nyingi. Katika ukoo mmoja wa Kinyiramba au Kinyaturu, msiba huweza kuwakusanya waliolelewa kumtii Papa na waliolelewa bila yeye, na wote wakala sufuria moja.

Kiti kikiwa wazi

Tarehe 15 Januari 2013 Papa Benedikto XVI alimhamishia Bukoba Askofu Desiderius Rwoma, aliyekuwa Singida tangu 1999. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 11 Februari, Benedikto mwenyewe alitangaza kung'atuka, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Gregori XII mwaka 1415. Tarehe 13 Machi akachaguliwa Fransisko. Roma ilimpata Papa mpya ndani ya majuma mawili ya kiti kuwa wazi, lakini Singida ilisubiri askofu hadi tarehe 28 Aprili 2015, alipoteuliwa Mhashamu Edward Mapunda.

Kiti cha askofu kikiwa wazi, sheria ya Kanisa inataka washauri wa jimbo wamchague msimamizi ndani ya siku nane. Huyo huliendesha jimbo lakini haanzishi mambo mapya. Balozi wa Papa, mwenye makao Dar es Salaam, huuliza kwa siri mapadre, watawa na walei kuhusu wanaofaa. Majina matatu hupelekwa Roma, na Papa huamua, akiwa huru kuyaacha yote matatu. Habari hutangazwa saa sita mchana ya Roma, ambayo Singida ni saa saba au saa nane kutegemea majira ya Ulaya.

Mwamini wa kawaida hulisikia pengo hilo ndani ya Misa. Katika sala kuu ya Ekaristi, padre hutaja jina la Papa kisha la askofu wa jimbo. Kiti kikiwa wazi jina haliwekwi, na sala hupita moja kwa moja. Vigangoni, ambako Jumapili nyingi katekista ndiye anayeongoza ibada kwa kukosekana padre, majina hayo hutajwa katika maombi ya waamini, na watoto huyajua kwa kuyasikia kabla hawajaona picha.

Watanzania katika konklavu

Laurean Rugambwa wa Bukoba alifanywa kadinali na Yohane XXIII tarehe 28 Machi 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kupewa heshima hiyo. Alipiga kura mwaka 1963, na Papa aliyetokana na kura hizo ndiye Paulo VI, aliyeiunda Singida. Alipiga tena mara mbili mwaka 1978. Kadinali Polycarp Pengo alishiriki mwaka 2005 na 2013.

Wa tatu ni Protase Rugambwa. Yohane Paulo II alipoitembelea Tanzania kuanzia tarehe 1 hadi 5 Septemba 1990, alimpa upadre kwa mikono yake jijini Dar es Salaam, kisha akaendelea Songea, Mwanza, Tabora na Moshi. Tabora ndiyo iliyokuwa jirani zaidi na Singida. Rugambwa akawa Askofu wa Kigoma, kisha katibu wa idara ileile ya uinjilishaji iliyoanzishwa mwaka 1622, kisha Askofu Mkuu wa Tabora. Tarehe 30 Septemba 2023 alifanywa kadinali siku moja na Robert Prevost, Mmarekani wa Shirika la Mtakatifu Augustino aliyekuwa askofu nchini Peru. Fransisko alipofariki tarehe 21 Aprili 2025, wote wawili walikuwa miongoni mwa makadinali 133 waliofungiwa katika Kikanisa cha Sistina. Tarehe 8 Mei moshi mweupe ulionekana Singida ikiwa saa moja jioni, na Prevost akatoka akiwa Leo XIV.

Kabla ya hapo Prevost alikuwa akiiongoza idara ya Vatican inayoshughulikia maaskofu, lakini faili la Singida halikupitia mezani kwake, kwa kuwa majimbo ya Tanzania bado yamo chini ya idara ya uinjilishaji. Kwa mageuzi yaliyoanza kutumika tarehe 5 Juni 2022, kadinali si mkuu wa idara hiyo tena. Mkuu wake ni Papa mwenyewe.