Umeme wa jicho la panya na upofu wa usiku

Retina ikipigwa na mwanga hutoa umeme hafifu sana, wa kupimwa kwa mikrovolti. Frithiof Holmgren wa Uppsala, Sweden, aliugundua mwaka 1865 katika jicho la chura. Lakini ni panya wa maabara aliyewezesha umeme huo kueleza ugonjwa wa tangu kale: upofu wa usiku, unaomfanya mtoto aliyecheza vizuri mchana aanze kupapasa ukuta giza likiingia.

Mwaka 1925, huko Copenhagen, watafiti Fridericia na Holm walionyesha kwamba panya aliyenyimwa vitamini A huchelewa kurudisha rodopsini, rangi ya zambarau inayonasa mwanga kwenye retina. Mwaka 1933 George Wald akaikuta vitamini hiyo ndani ya retina yenyewe. Kipimo cha umeme kilifuata baadaye, Wald akiwa na John Dowling katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1958 na 1960.

Katika kipimo hicho, kwa kawaida panya hukaa gizani usiku kucha ili rodopsini ijae. Hupewa dawa ya usingizi chini ya taa nyekundu hafifu, ambayo jicho lake haliihisi sana, kisha elektrodi hugusishwa kwenye konea iliyoloweshwa maji ya chumvi. Mwanga ukimulika mara moja, mstari hushuka kidogo, ishara ya seli zinazopokea mwanga, halafu hupanda juu seli zinazofuata zinapoitikia.

Panya wa Harvard hawakudhurika katika wiki za mwanzo, kwani ini lilikuwa na akiba. Akiba ilipokwisha, rodopsini ilipungua na mwanga wa kuamsha umeme ukahitajika mwingi zaidi na zaidi. Walipopewa vitamini mapema, macho yalipona. Walipocheleweshwa mno, seli zilikufa, na hazikurudi tena. Hapa ndipo penye uzito wa utafiti huu wote.

Watoto nao huweza kukosa akiba hiyo. Iringa na Mbeya, nchini Tanzania, ni ghala la mahindi, lakini mahindi meupe karibu hayana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anaweza kushiba ugali na bado ini lake likawa tupu. Mpango wa lishe wa Iringa, ulioanzishwa mwaka 1983 na serikali pamoja na UNICEF na WHO, ulizoesha vijiji 168 kuwapima uzito watoto wa chini ya miaka 5. Ilikuwa kazi kubwa na ya kuheshimiwa, ila mizani haioni akiba ya ini.

Tangu mwaka 2001 matone ya vitamini A hutolewa nchini mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mhudumu hukata ncha ya kidonge laini kwa mkasi na kukiminyia mdomoni mwa mtoto; ini huhifadhi dozi hiyo kwa miezi minne hadi sita. Kati ya dozi na dozi, akiba hujazwa na chakula: maini, matembele, viazi lishe vya rangi ya chungwa, na mawese ya Kyela, mradi yasichomwe motoni hadi wekundu wake ukapotea, kwa maana karotini nayo huteketea.